Nazi Kipara za Sumaili

Wiki iliyopita mjukuu wangu Asha alinunua viatu kwa simu. Picha ilikuwa nzuri, viatu vyekundu, muuzaji yuko Pemba, hii yetu ya Msumbiji, na maneno yake matamu kama halua. Vilipofika hapa Palma, vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. Tulicheka nyumba nzima, mpaka Asha mwenyewe aliyekuwa analia akashindwa kuendelea kulia. Nikamwambia asivitupe. Avitundike mlangoni, ili kila anayetoka kwenda kununua kitu avitazame kwanza.

Tangu siku hiyo nimekuwa na hamu ya kuzungumza nanyi, vijana wa siku hizi, kwa sababu mnadhani kuuziwa mbuzi kwenye gunia kumeanza na simu. Loo! Mimi nimeuza nazi tangu sijaolewa mpaka meno yameanza kuniaga. Na nazi, mkifikiri vizuri, inazaliwa ikiwa ndani ya gunia lake. Muuzaji anajua imetoka shamba gani, imeanguliwa lini, imelala wapi. Mnunuzi anaona kifuu tu. Mpwa wangu anayesoma chuo kule Nampula ananiambia wasomi wana somo zima juu ya jambo hili, la mmoja anayejua na mwingine asiyejua, na jinsi bei inavyohangaika katikati yao. Nimefurahi kusikia, maana nami nililisoma miaka yote hiyo nikiwa nimechuchumaa.

Mwalimu wangu alikuwa shangazi Tausi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika upande wa pili wa bazari bila kujisumbua. Alinifundisha kuishika nazi na kuitikisa karibu na sikio. Maji yakicheza mepesi, nazi imekomaa. Yasiposikika kabisa, huenda ni joya, limejaa ule uyoga mweupe ambao watoto wanaugombania na wapishi wanaulaani. Kitu kikigongana ndani kwa ukavu, hiyo ni mbata. Kisha unashika kishungi, zile nywele zinazoachwa juu ya macho ya nazi wakati wa kuifua makumbi. Kishungi kikiwa na unyevu, iweke chini taratibu uende zako, jicho linavuja.

Mimi mwanzoni niliona huo ni usumbufu. Nikawa nachagua nazi nzito, nikidhani uzito ndio utajiri. Nilimchagulia mpishi mmoja fungu zima la koroma, nazi ambazo hazijakomaa, na tui lake likatoka kama maji ya kuoshea mchele. Yule mama hakugomba. Alibeba sufuria lake mpaka sokoni, akaliweka mbele yangu na kikombe. Nikamtazama shangazi nikitegemea anitetee. Akaniambia ninywe, kwani kazi ni yangu. Nilikunywa bazari zima likinitazama, na tangu hapo sikio langu likafunguka.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuuliza. Wakati huo hakuna simu, na bei ya nazi kule Mocímboa tuliijua kwa midomo ya madereva. Palikuwa na dereva mmoja mcheshi sana. Kila nikimuuliza bei, alisikitika, akasema imeanguka vibaya, kisha akajitolea kuninunulia mzigo wangu wote kwa kunihurumia. Nikamsifu kwa shangazi kwamba ni mtu mwema. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema kesho usimuulize bei, muulize kule njia panda ya Awasse magari ya kwenda bara yalikuwa yamebeba nini. Nikauliza. Dereva, kwa kupenda kusimulia, akaniambia kwamba hajapata kuona nazi zikipanda bara kama wiki ile, watu wanazisubiri barabarani. Basi nikajua bei imepanda. Mtu akijua neno lake lina faida kwake, lazima alitie chumvi. Lile asilojua kama lina faida atakupa lilivyo.

Haya, hayo yalikuwa ya zamani, bazari la watu wanaojuana. Hata nazi tulikuwa na njia ya kuzitolea ushahidi. Mwenye kununua fungu alichagua moja mwenyewe, popote katika fungu, ikavunjwa mbele ya watu. Ikiwa nzima, analipa bila neno, na ile iliyovunjwa mnaitafuna wote mliopo. Ikiwa mbovu, bei ya fungu inateremka na muuzaji anachekwa mpaka jioni. Tuliiita nazi ya shahidi. Mwenye nazi nzuri alikuwa akiita watu waje wavunje. Mwenye nazi mbaya ndiye aliyekuwa na udhuru, leo panga limepotea, leo mkono unauma. Hata asiyejua nazi alijua wa kumkwepa.

Kisha ikaja miaka ya kukimbia, mnaijua, sitaieleza. Tuliporudi, Alhamdulillah, bazari lilijaa tena lakini sura zilikuwa ngeni. Aliyekuwa akikaa kushoto kwangu hakurudi, na mahali pake alikaa mtu ambaye sikujua hata salamu zake ni za wapi. Na shefe wa bazari, yaani mkuu wetu, alikuwa mpya pia, kijana kutoka Pemba mwenye shati la kupigwa pasi hata siku ya tope. Alikuta vifuu vimezagaa kila mahali, vimejaa maji ya mvua, na ndani ya maji viluwiluwi vya mbu. Akapiga marufuku kuvunja nazi sokoni. Nami nasema alifanya vema, malaria haina mzaha. Lakini akaongeza la pili. Kwa kuwaonea huruma wanunuzi, aliweka bei ya mwisho, nazi yoyote isiuzwe zaidi ya hapo.

Tazameni sasa kilichotokea. Mwenye nazi nzuri hawezi kuivunja aonyeshe, na hawezi kuomba bei ya nazi nzuri. Basi akazibakiza nyumbani, akawauzia jamaa zake mlango wa uani, au akazivusha Ruvuma kwenda Mtwara. Sokoni zikaja zile zisizo na pa kwenda. Wanunuzi wakala hasara, wakashusha bei wanayotaka kutoa, na walipoishusha, hata wale wenye nazi za wastani wakaona haina maana kuja. Kila wiki bazari lilizidi kuoza, na hapakuwa na mtu mmoja wa kumlaumu. Mimi peke yangu nilinenepa. Watu walinilipa nikawachagulie kwa sikio langu, na sikuwa na haraka ya kulalamika.

Ndipo akaja Sumaili.

Sumaili ni Mmakonde wa bara, upande wa Mueda, mrefu, mpole, msafi kupita kiasi. Alimwoa Amina, binti wa Mzee Bakari wa Quionga, mwenye shamba la minazi ambalo ukilipita unasikia ubaridi mpaka shingoni. Mzee alikuwa amechoka kupanda minazi, na wana wa kiume hana. Palikuwa na tajiri mmoja wa mjini akitaka kulikodi shamba lile avune kwa miaka mingi. Mzee akamwambia mkwewe, mbele ya Amina, kwamba mavuno haya auze yeye Sumaili huko Palma. Akiuza, shamba litakuwa la kuangaliwa na yeye na mkewe. Mzigo ukirudi Quionga, tajiri atapewa, na Sumaili arudi kwao akalime alichozoea. Amina alizaliwa chini ya minazi ile. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule hakuweza hata kula.

Sasa huyu bwana, kwa kutaka kupendeza, alizifua nazi zake akazikwangua kwa kisu mpaka zikang'aa. Na kishungi? Akakinyoa. Zote, gari zima, vipara vitupu, macho matatu wazi yanakutazama. Alizipanga sokoni kwa mistari kama watoto wa shule. Watu walisimama, wakatazama, wakaondoka. Kwetu sisi wa pwani, mtu anayenyoa kishungi ana jicho linalovuja anataka kulificha. Na kweli kishungi ndicho kinachoyalinda macho, kikitoka nazi haikai siku nyingi. Bara hakuna minazi, nani angemwambia?

Alipoona hauzi, akashusha bei. Watu wakazidi kumkwepa. Akashusha tena. Bi Riziki, mpishi wa harusi mashuhuri hapa kwetu na shoga yangu wa tangu utotoni, alipita, akasikia bei, akashika kanga yake vizuri akaongeza mwendo kama aliyeona nyoka. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwita yule kijana, nikamkalisha.

"Mwanangu, bei yako hii inasema nini?"

"Inasema rahisi, mama."

"Inasema mbovu."

Akainama. Nikatikisa nazi zake kadhaa sikioni. Wallahi, zilikuwa nazi za heshima, maji yanacheza kama ngoma ya mbali. Akaniomba basi nimsemee, kwa kuwa sikio langu linaaminika, niwaambie watu. Nikakataa, na msinione mbaya. Nilimwambia wakinunua kwa neno langu watakuwa wamenunua jina langu, na siku nitakayougua ataanza upya, na mimi naugua kila mvua ikinyesha. Alikuwa anazitazama zile nazi, na zilikuwa na siku chache tu kabla hazijaanza kuharibika kwa ajili ya vile vipara.

"Mama," akasema, "wanaogopa nini hasa?"

"Wanaogopa kubaki na mbovu."

"Basi mbovu zibaki na mimi."

Sikumwelewa mara moja. Akasimama, akamfuata Bi Riziki aliyekuwa kwa muuza vitunguu. Bi Riziki alikuwa na harusi kubwa kesho yake na hajapata nazi za kuaminika, alikuwa ameshika kiuno. Sumaili akampa salamu zake zote, za mama na za watoto, kisha akamwambia achukue nazi kwa bei ya kawaida, siyo ile ya kutupa. Asivunje hapa, shefe amekataza. Akavunje jikoni kwake. Kila atakayoikuta mbovu amletee kifuu chake, naye atampa nazi nzima mbili. Bi Riziki akanigeukia mimi. Nikatazama juu, kama ninayehesabu kunguru. Akasema, huyu ama ni mwendawazimu ama ana nazi nzuri, na kwa sura si mwendawazimu. Akachukua magunia.

Wauzaji wengine walicheka. Walisema kesho Sumaili atagawa nazi zake zote kama sadaka. Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza. Mwenye nazi mbaya angesema vile? Hathubutu, angemalizika kwa siku moja. Maneno yale ni mepesi kwa mwenye nazi nzima na ni moto kwa mwenye nazi mbovu. Kumbe yule kijana alikuwa amerudisha nazi ya shahidi bila kuvunja hata moja sokoni!

Baada ya harusi Bi Riziki akaja, na nyuma yake wasaidizi wake wa jikoni, wanacheka tangu mbali. Alikuwa na vifuu vichache tu vya nazi mbovu mkononi. Sumaili akavipokea kwa mikono miwili, akainuka, akachagua nazi nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, mbili kwa kila moja, akampa kwa furaha kana kwamba yeye ndiye anayelipwa. Bi Riziki akapaza sauti kwamba wali wa jana watu walikomba sufuria, na bibi harusi alitoka chumbani kuulizia ukoko. Basi, wakamvamia. Mwingine hakununua hata nazi, alitaka tu kuona mtu anayefurahi kurudisha.

Msidhani yaliisha hivyo. Mnatujua tulivyo. Siku chache baadaye akaja Mwajuma, jirani yangu, mcheshi na mjanja, ana kikapu cha vifuu vibovu anadai vyake mara mbili. Sumaili akavitazama kimoja kimoja. Vyote vilikuwa na vishungi vyao. Akamwambia kwa adabu, mama, hizi si zangu, zangu hazina nywele. Mwajuma akaenda, kesho akarudi navyo vimenyolewa! Hapo Sumaili akakwama, akanitazama. Nikavichukua vile vipande viwili vya kifuu kimoja, nikaviunganisha. Nazi ikikwanguliwa kabla ya kuvunjwa, michoro ya kisu inavuka ule ufa, inaendelea upande wa pili. Ya Mwajuma michoro iliishia ukingoni kila upande kivyake. Nikamwonyesha. Mwajuma mwenyewe alianza kucheka kabla yetu, akakaa chini kabisa, akasema amekesha akinyoa na mumewe alidhani anatengeneza dawa. Akanunua fungu kwa pesa zake, na mpaka leo ni mteja.

Hapo ndipo nilipoona uzuri wa kosa lile. Kipara kilichowafukuza watu ndicho kilichomwezesha kutoa ahadi, kwa kuwa bila alama kila mtu angemletea uozo wa bazari zima. Na zaidi ya hapo, nazi kipara haikai. Ukiikuta kipara na ni nzima, basi imefuliwa juzi, haina njia ya kudanganya. Wengine waliiga ahadi yake, wakazinyoa nazi zao za zamani zilizolala ghalani. Zikawaharibikia mikononi, wanunuzi wakarudi na vifuu wanataka mbili mbili, wauzaji hao wakalipa huku wamenuna. Waliokuwa na nazi nzuri majumbani wakaanza kuzitoa. Nikaziona nyuso ambazo zilikuwa zimehamia Mtwara.

Na mimi je? Wateja wangu wa sikio wakapungua. Bi Riziki, shoga yangu mwenyewe, aliniambia siku moja kwamba sikio langu ni zuri lakini Sumaili anarudisha na sikio halirudishi. Nilinuna mpaka alasiri. Kisha nikaona ni kweli, nikacheka, nikakunja mkeka wangu. Kwa hiyo mkiulizwa nani alimstaafisha bibi yenu, msiseme uzee.

Shefe alikuwa akiyatazama haya yote kutoka kwenye ofisi yake ya mabati. Alikuja kukaa nami akaomba nimweleze, nikamweleza, naye hakuona aibu kuuliza. Akaacha marufuku ya kuvunja ibaki, kwa ajili ya mbu. Bei ya mwisho akaiondoa. Na akaweka jambo lake mwenyewe ambalo mimi nisingeliwaza: kila muuzaji awe na mahali pake pale pale siku zote, asihamehame, ili mwenye kifuu kibovu ajue pa kukipeleka. Kwa mgeni asiyejulikana, mahali pa kudumu ni nusu ya jina.

Alinisimulia pia kwamba alipokuwa Pundanhar kwenye kazi ya kugawa mbegu, waliuliza mkutanoni nani hana mbegu, na mikono yote ikapanda, hata ya bwana mmoja ambaye ghala lake lilionekana kutoka pale walipokaa. Mbegu zisingetosha. Badala ya kuongeza walinzi na maswali, waliwaomba majirani wakae kwa vikundi vyao, kila mtu aseme haja yake mbele ya wanaomjua. Yule bwana alipofungua mdomo, mkewe ndiye aliyecheka kwanza, na yeye akarudisha mkono mfukoni. Kisha majirani wakawataja wajane wawili waliokuwa hawakuja kabisa, kwa sababu mmoja hana miguu ya kutembea na mwingine ana haya. Serikali, vijana, ni mnunuzi kama wanunuzi wengine, nayo inaona kifuu tu. Mkija kukaa ofisini, na wengine wenu mtakaa, inshallah, kabla ya kuweka amri ulizeni kwanza nani anajua, na mtampa sababu gani ya kusema kweli.

Lakini nilikuwa kwa Sumaili. Habari zilifika Quionga kabla ya pesa, na zilifika vibaya, kama kawaida. Mzee Bakari aliambiwa mkwewe ananyoa nazi kama vichwa vya watoto na kugawa bure zile mbovu. Siku moja akashuka kwenye gari pale bazari, kofia imekaa sawasawa, fimbo mkononi, hasalimii mtu. Amina alikuwepo siku ile anamsaidia mumewe. Nikamwona akiacha kila alichoshika.

Mzee akasimama mbele ya nazi. Hazikuwa nyingi tena, na watu walikuwa wanasubiri gari la pili kutoka shambani kwake. Akasikia mwanamke mmoja akiuliza kama hizi ndizo nazi za Quionga, kwa sababu hataki nyingine. Mzee akamgeukia. Hakuna mtu aliyewahi kuulizia nazi zake kwa jina la kijiji chake, zote zilikuwa nazi tu. Akamuuliza binti yake mzigo mwingine uko wapi. Amina akamwambia umekwisha kuuzwa, baba.

Mzee akaweka fimbo chini. Akakaa juu ya gunia karibu na Sumaili, akavuta nazi moja ambayo haijakwanguliwa, akaomba kisu. Akaikwangua polepole, kwa mkono wa mtu aliyefanya kazi hiyo tangu utoto, ikang'aa yote, na juu ya macho akaacha kishungi kama alivyofundishwa na baba yake. Akaitazama. Akatazama zile za mkwewe zilizopangwa kwa mistari. Sote tulikuwa tumesogea karibu, hata Mwajuma.

Kisha akaishika upya, akakinyoa kile kishungi chote, akampelekea Sumaili aione.

"Hivi?" akauliza.